Zawadi Ambayo Haijaisha: Krismasi ya Watoto Inyonga

Krismasi huikuta Inyonga ikiwa na jembe mkononi. Mji huu mdogo, kusini-mashariki ya Mpanda, ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Desemba si mwezi wa kupumzika. Miche ya tumbaku inatolewa kitaluni kwenda kwenye matuta, mahindi yanadai palizi, na fedha za mauzo ya msimu uliopita zimekwishaliwa na ada, pembejeo na madeni. Sikukuu ambayo watoto huingojea kuliko zote inaangukia wakati ghala na mfuko vyote vimepungua. Ndiyo maana wengi wakiona gari la waya, mwanasesere wa vitambaa au mpira wa makaratasi, husema ni ukata tu: mzazi angekuwa na hela, angenunua. Maelezo hayo yanaona nusu ya jambo. Ukata upo, lakini pamoja nao ipo desturi ya kutoa yenye mantiki yake. Katika desturi hiyo mtoto hapewi kitu kilichokwisha. Hupewa cha kumalizia mwenyewe.

Zawadi rasmi ya Krismasi kwa mtoto wa Kitanzania, wa mjini na wa kijijini, ni nguo ya sikukuu. Vifurushi vya kufunguliwa chini ya mti ni vya wachache. Walio wengi hungojea gauni au shati jipya la kuendea kanisani, wali wenye nyama, soda, na kutembelea ndugu mchana kutwa. Ndiyo sababu wiki hiyo hakuna mwenye shughuli kama fundi cherehani, ambaye hukesha akipiga pindo la mwisho huku wateja wakimsubiri barazani. Chini ya cherehani yake hudondoka vipande vya kitenge vyembamba mno hata kwa kiraka. Hapo ndipo zawadi ya pili huanzia. Msichana huviokota, akachukua gunzi la hindi liwe mwili, akaviringa tambara liwe kichwa, akakaza uzi shingoni, kisha akamvisha mwanasesere wake kipande kilichotoka kwenye kitambaa kilekile cha gauni lake. Asubuhi ya Noeli mtoto na mwanasesere wamevaa sare. Duka haliwezi kuuza kitu hicho, kwa kuwa halijui mama alinunua kitenge gani. Na tazama mgawanyo wa kazi: mzazi kanunua kitambaa, fundi kaachia vipande, mtoto kashona. Hakuna aliyeitoa zawadi hiyo nzima peke yake.

Mgawanyo huohuo unaonekana kwenye michezo mingine. Gari la waya huanza kwa mtu mzima kukubali kuachia kitu: kipande cha waya kilichobaki kwenye uzio, ndala iliyokatika kanda, kopo la mafuta. Mtoto hukata ndala kwa kisu kuwa magurudumu manne, akayatoboa, akaunga bodi kwa kusokota waya, mwishoni akaweka fimbo ndefu yenye usukani ili aendeshe akiwa amesimama wima. Ukitaka kujua kama kajifunza kitu, mtazame anavyokata kona: usukani ukizungushwa, magurudumu ya mbele hugeuka kweli. Huyo kaelewa jinsi mzunguko wa mkono unavyogeuka kuwa mwendo wa ekseli, na hakuna aliyemchorea ubaoni. Kwa watoto wa wafugaji wa Kisukuma, ambao wazazi wao wamehamia huku na mifugo, udongo wa mbugani huwa ng'ombe: wenye nundu, pembe ndefu, na madoa ya kukwaruzwa kwa mwiba. Mtoto anayefinyanga kundi la ng'ombe ishirini na kuwatofautisha mmoja mmoja anajizoeza kazi halisi ya mchungaji, yaani kumjua kila mnyama kwa umbo lake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na methali inayotajwa upesi kila zawadi ndogo inapotolewa: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni methali njema, lakini humtazama mtoaji peke yake, na kwa siri inakiri kwamba zawadi ni hafifu, ndipo ikatuomba tuutazame moyo. Desturi ninayoieleza haihitaji kuombewa radhi namna hiyo, kwa kuwa inamtazama mpokeaji na kumhesabu kuwa mtu anayeweza. Kumwamini mdogo hivyo si jambo geni hapa: Inyonga ni nchi ya Wakonongo na misitu ya miombo, ambako asali ni utajiri wa kale. Kazi ya nyuki huku haikuanzia darasani. Kijana aliijua kwa kufuatana na wakubwa porini, akashika kamba, akashika moto, hadi siku aliyotundika mzinga wake mwenyewe. Kilindo cha gome kinachobeba asali na mzinga wa gome unaowapa nyuki makazi ni vya ukoo mmoja wa ufundi: kubandua, kukunja, kushona kingo, kuziba ncha. Jamii iliyorithishana ufundi kwa kumwachia mdogo hatua ya mwisho haitashangaza ikimpa mtoto waya badala ya gari.

Wako watakaosema mjadala wote huu ni wa kuazima, kwa kuwa Krismasi yenyewe ilikuja na wamisionari, na mapambo yake ni ya watu wa baridi. Ni kweli ilikuja. White Fathers walifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika katika Katavi ya leo, mwaka 1885. Nao Wamoraviani waliipokea misheni ya Urambo, upande wa Tabora, mwaka 1898. Lakini tuchunguze walichokuja nacho kilianzaje. Nyota ya pembe nyingi, inayotambulisha Noeli ya Wamoraviani duniani kote, ilianzia katika shule yao ya Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, kama zoezi la jiometria: wanafunzi walikata na kukunja karatasi ili wazijue piramidi. Pango la Noeli nalo husimuliwa kuanzia Greccio, Italia, mwaka 1223, Fransisko wa Asizi alipotumia hori, nyasi, ng'ombe na punda halisi wa kijijini. Mapambo haya yalizaliwa yakiwa kazi ya mikono na vitu vilivyokuwa karibu. Kiwanda kilikuja baadaye. Kwa hiyo pango lililoezekwa kwa nyasi za Mlele, lenye ng'ombe wa udongo aliyefinyangwa na mtoto anayejua hori ni nini kwa sababu huliona kila jioni, limekaribia chanzo kuliko sanamu za plasta. Ndivyo ilivyo pia kwa mashada ya karatasi yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo, au mshumaa wa nta iliyobaki baada ya asali kukamuliwa, ukiwa na utambi wa uzi wa pamba. Sikukuu ilikuja na wageni, lakini kuipamba kwa mikono si jambo la kuazima.

Pingamizi la aibu ni zito zaidi. Mtoto hana falsafa. Akimwona mwenzake na gari la betri linalopiga king'ora, la kwake la waya linapoteza thamani papo hapo. Sitasema maumivu hayo si ya kweli, wala kwamba plastiki ya sokoni ni dhambi. Ninachosema ni kwamba vitu hivi viwili havifanyi kazi moja. Gari la betri hufanya kitu kimoja, na betri ikiisha halifanyi chochote, kwa kuwa aliyelipokea hajui limefungwaje. La waya likivunjika hutengenezwa na aliyelivunja. Mzazi mwenye uwezo anunue akipenda, ila asidhani kwamba kununua kumemaliza kazi ya kutoa.

Yapo pia ya usalama na ya msitu. Kopo lililokatwa lina makali na waya una ncha, hivyo mkubwa akunje kingo na kuzigonga zilale kabla hajakabidhi. Kuachia hatua ya mwisho si kuachia hatari. Kuhusu msitu, Desemba ndio wakati gome hubanduka kwa urahisi, na mti uliobanduliwa kuzunguka shina lote hufa. Pambo la siku moja halistahili mti wa miaka mingi. Yatumike matawi yaliyoanguka, mabua, nyasi na mabaki ya useremala, na somo hilo nalo liwe sehemu ya zawadi.

Pingamizi la mwisho linanirudisha nilikoanzia. Wazazi huuliza: mwezi wa palizi, muda wa kukaa na mtoto tukikata karatasi uko wapi? Jibu ni kwamba desturi hii haimdai mzazi mikono yake. Inamdai aachie mikono ya mtoto, na hapo ndipo hupungukiwa, hasa kwa wasichana. Mvulana hupata mwanya wa kusokota waya akiwa machungani. Dada yake ana maji ya kuchota, mdogo wa kubeba mgongoni na sufuria za kusugua, na wiki ya sikukuu ndiyo yenye sufuria nyingi kuliko zote. Vipande vya kitenge vinaweza kuwa vimejaa chini ya cherehani, na sindano ipo, lakini mwanasesere asipatikane kwa sababu hakuna aliyemwambia msichana: leo maji atachota kaka yako. Anayetafuta zawadi ya kutengeneza nyumbani Krismasi hii aanzie hapo, kwa kumpokonya ndoo na kumpa sindano mchana mmoja. Hata mwezi wa jembe, nyumba yenye kijana wa kiume ndani haiwezi kusema imekosa cha kutoa.