Athari za joto kwa sili za mitambo

Sili ya mitambo ni kifaa kinachozuia majimaji yasivuje mahali ambapo shafti (mhimili unaozunguka) inapenya ukuta wa pampu, turbini au mashine nyingine. Ina pete mbili zilizotazamana: moja huzunguka pamoja na shafti, nyingine hukaa tuli, na springi huzibana pamoja.

Nyuso za pete husawazishwa mno. Kwenye pampu, kasoro inayokubalika huwa chini ya mikromita 1, yaani chini ya elfu moja ya milimita. Kati yake hupita utando mwembamba wa maji unaozilainisha na kuzipoza. Kwa hiyo hata sili nzima huvuja, ila kidogo sana.

Msuguano huleta joto. Uso wa pete hupata moto kuliko mgongo wake, hupanuka zaidi, na pete hujipinda kama koni. Mara nyingi nyuso hubaki zikigusana upande wa ndani na kuachana upande wa nje, hivyo maji hupenya zaidi. Shinikizo la maji kwa kawaida huipinda pete kinyume chake, na wasanifu huchagua umbo ili nguvu hizo mbili zipunguzane. Mata nayo ni muhimu: silikoni kabidi hupanuka takriban robo tu ya chuma cha pua.

Hatari kubwa ni kukosa maji. Katika sekunde chache utando hugeuka mvuke na nyuso husagana kavu. Oringi za mpira hukakamaa. Pete ngumu iliyopata moto ikirudishiwa maji baridi ghafla, hupasuka.

Kanuni hiyo inahusu pia vituo vya umeme wa maji kama Rusumo, kwenye mto Kagera, mpakani mwa Wilaya ya Ngara na Rwanda. Kituo hicho cha megawati 80 kina turbini tatu na kinahudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika turbini, sili ya shafti huzuia maji ya mto yasifikie beringi. Kwa kawaida hupozwa kwa maji yaliyochujwa, kwani tope la masika hukwaruza nyuso. Chujio likiziba, maji ya kupoza hupungua na joto hupanda kabla uvujaji haujaonekana. Ndiyo maana mafundi hufuatilia vipimo vyote viwili.