Mtoto Asiyegeuka Akiitwa



Katika Injili ya Yohane sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si huyu wala si wale. Sisi bado tunauliza: mtoto akichelewa kusema, tunanong'ona karogwa, au mama yake ana laana. Miezi inapita.

Usonji si laana wala matunda ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Mtazame mwanao akifikisha mwaka na nusu: je, anageuka ukimwita jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Maneno aliyoyajua yamepotea?

Kwetu watoto huinamisha macho mbele ya wakubwa kwa adabu. Lakini mtoto mdogo hivyo hajafundishwa adabu hiyo. Humtafuta mama kwa macho. Asipomtafuta, usijifariji kwamba ni mpole tu. Dalili moja haitoshi kuhukumu, ila yatosha kumpeleka kliniki mapema.

Nawe jirani, mtoto huyo akipiga kelele wakati wa Misa, usihame benchi. Msogelee mama yake, mpokee mkoba.

Dominika njema.