Athari za Tiba ya Homoni kwa Vipokezi vya Homoni katika Saratani ya Matiti

Makala haya yanafafanua jinsi tiba ya homoni inavyoathiri vipokezi vya estrojeni na projesteroni katika saratani ya matiti. Hoja kuu ni kwamba kipokezi si sifa ya kudumu ya uvimbe: dawa inayokilenga inaweza kubadilisha wingi wake, utendaji wake na hata umbo lake.

Uhusiano wa homoni na saratani hii ulitambuliwa kabla ya vipokezi vyenyewe kujulikana. Mwaka 1896, George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, aliripoti kwamba uvimbe wa matiti ulisinyaa baada ya ovari kuondolewa. Sababu ilibainika zaidi ya nusu karne baadaye, Elwood Jensen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoonesha kuwa estrojeni hufanya kazi kwa kushikamana na protini maalumu ndani ya seli. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Homoni inaposhikamana nacho, huwasha jeni zinazochochea seli kugawanyika. Miongoni mwa jeni hizo ni ile inayozalisha kipokezi cha projesteroni. Hivyo kuwapo kwa kipokezi hiki huashiria kwamba kile cha estrojeni kinafanya kazi.

Dawa za homoni hukiathiri kipokezi kwa njia tatu. Kwanza, tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni na kuzuia utendaji wa kipokezi katika titi bila kukiondoa. Katika mji wa mimba, hata hivyo, hufanya kazi kama estrojeni na huongeza hatari ya saratani ya utando wake. Pili, vizuizi vya aromatasi, kama vile letrozoli na anastrozoli, havigusi kipokezi. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni kwa wanawake waliokoma hedhi, na kipokezi cha projesteroni aghalabu hupungua kwa kukosa kichocheo. Tatu, fulvestranti hushikamana na kipokezi cha estrojeni na kusababisha kivunjwevunjwe na seli yenyewe.

Tiba ya muda mrefu pia huchuja seli: zile zinazoweza kuishi bila estrojeni husalia na kuongezeka. Baadhi ya uvimbe hupoteza kipokezi kabisa. Mwingine hubaki nacho, lakini jeni yake, ESR1, hupata mabadiliko yanayokifanya kifanye kazi bila homoni. Mabadiliko hayo ni adimu katika uvimbe wa awali, ilhali huonekana zaidi baada ya matumizi ya vizuizi vya aromatasi katika saratani iliyosambaa. Mwaka 2023, Marekani iliidhinisha elasestranti kwa ajili ya saratani iliyosambaa yenye mabadiliko hayo.

Tofauti hii ina uzito wa kitabibu. Upimaji wa tishu kwa kingamwili huonesha kama kipokezi kipo, lakini hauoneshi kama jeni yake imebadilika. Mgonjwa anayetibiwa kwa majibu ya zamani pekee anaweza kuendelea kuvumilia maumivu ya viungo na kudhoofika kwa mifupa kwa ajili ya dawa ambayo shabaha yake haipo tena. Kwa hiyo, saratani inaporejea au kusambaa, inafaa sampuli mpya ichukuliwe kila inapowezekana, vipokezi vipimwe upya, na jeni ya ESR1 ichunguzwe katika tishu au damu. Aidha, matokeo ya sampuli iliyochukuliwa wakati wa tiba yafasiriwe kwa kuzingatia dawa inayotumika.