Virusi vya Ituri Kwenye Kioo cha Kompyuta

Jenomu ya virusi vya Ebola ina herufi 19,000 hivi. Ikitazamwa tupu haisemi lolote: A, C, G na U zinafuatana bila nafasi wala nukta. (Kwenye faili za kompyuta U huandikwa T, desturi ya zamani inayowababaisha wanafunzi hadi leo.) Programu ziitwazo vivinjari vya jenomu huzipanga herufi hizo kwenye mstari, humwezesha mtafiti kusogea huku na huku, kukuza sehemu anayoitaka, na kuandika juu yake jeni ipi inaanzia wapi na inatengeneza protini gani.

Mashariki ya Kongo kazi hiyo ilipata uzito katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulianzia Kivu Kaskazini ukaingia Ituri: Mambasa, Komanda katika eneo la Irumu, hadi Bunia. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Sampuli zilisomwa INRB, taasisi ya taifa iliyoko Kinshasa, na baadaye pia Katwa, karibu na Butembo. Swali la kwanza lilihusu jimbo la Équateur, ambako mlipuko mwingine ulikuwa umetangazwa kwisha siku chache tu kabla. Je, ugonjwa ulisafiri kutoka huko? Jenomu zilikataa. Huu ulikuwa ukoo mwingine, nao ukapewa jina la Ituri.

Mashine ya kusoma haitoi jenomu nzima, bali vipande vifupi vingi mno. Kivinjari kama IGV, cha Broad Institute ya Marekani, huvilaza juu ya jenomu ya marejeo vikipishana kama mabati ya paa. Herufi iliyobadilika katika karibu vipande vyote ni badiliko la kweli. Iliyobadilika katika kimoja kati ya mia huenda ni kosa la mashine.

Kutafuta jeni zenyewe kunahitaji chombo kingine. Artemis, programu ya bure iliyotolewa na Sanger Institute ya Uingereza mwaka 2000, husoma herufi tatu tatu kwa njia zote sita zinazowezekana na kuchora mstari kila penye ishara ya kusimama. Pasipo na mistari kwa urefu mkubwa pana uwezekano wa kuwa na jeni. Ebola ina jeni saba.

Hata hivyo, ya nne kwa mpangilio, GP, humdanganya anayeiamini kompyuta peke yake. Ikisomwa ilivyo, hutoa protini fupi ya asidi amino 364, ambayo hutolewa nje ya seli. Protini ndefu ya 676, ile inayofunika virusi na kuviwezesha kuingia kwenye seli, hupatikana tu kimeng'enya kinapoteleza penye A saba mfululizo na kuongeza ya nane. A hiyo haimo kwenye jenomu. Asipoiandika mtu kwa mkono, programu itaonyesha protini fupi tu, na chanjo inalenga ile ndefu.

Kwa ukoo wa Ituri maelezo hayo yalikuwa na faida ya haraka. Kingamwili mAb114, iliyotumiwa kama dawa, ilitokana na mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ilibidi kuangalia kama mahali inaposhika kwenye GP hapajabadilika. Vipimo vya GeneXpert navyo hutafuta vipande vya GP na vya jeni nyingine, NP; badiliko likiangukia hapo, mgonjwa anaweza kuambiwa hana ugonjwa.

Mwaka 2019, katika mlipuko huohuo, mtu aliyekuwa amepona aliugua tena miezi kadhaa baadaye. Jenomu ya virusi vya mara ya pili ilitofautiana kidogo mno na ya mara ya kwanza, kiasi cha kuonyesha kuwa hakuambukizwa upya: virusi vilibaki mwilini mwake. Mnyororo ulioanzia kwake ulifikia watu 91. Kati yao, wale ambao sampuli zao hazikusomwa waliunganishwa na mnyororo huo kwa maelezo ya timu zilizopita nyumba kwa nyumba, zikiuliza nani alimuuguza nani.