Kunyamaza kwa Chombo si Usalama



Siku hizi vyombo vingi vya kupima hewa havingoji tena mtu ashuke shimoni kuvisoma. Chombo kinapima, kinatuma namba kwa waya ao kwa antena, na kompyuta iliyo juu inaionyesha. Vyombo vya namna hiyo vinaitwa intaneti ya vitu. Ni msaada mkubwa. Lakini mtu anayevifundisha, na anayetoa mtihani juu yavyo, anashika maisha ya wenzake mkononi.

Niwaelezee kosa langu mwenyewe. Niliwafundisha vijana hewa mbaya, kisha nikawapa mtihani wa karatasi. Wote walipita. Kesho yake, kabla hawajafika, nilikata umeme wa sanduku lenye kupokea habari za chombo. Kijana aliyeshinda wote alitazama skrini, akaona oksijeni 20,9 kwa mia, akasema: «Munganga, hewa ni nzuri, tuingie.»

Nikamwuliza: «Namba hiyo ni ya saa ngapi?»

Akainama kutazama pembeni ya skrini. Ilikuwa ya dakika 40 zilizopita. Akanyamaza. Kosa halikuwa lake. Mimi nilimfundisha kusoma namba, sikumfundisha kusoma saa.

Mbona jambo hili ni zito? Kaboni monoksidi, yenye kutoka katika moshi wa mashini za mazutu, wa baruti na wa moto, haina harufu wala rangi. Inashikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaumwa kichwa, anaona kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Mara nyingi anafikiri ni uchovu tu.

Zamani wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na ndege wadogo wenye kudhurika upesi kwa hewa hiyo. Ni mwaka 1986 tu nchi ile ilipotangaza kwamba vyombo vitashika nafasi yao. Ndege alikuwa na faida moja: hakuweza kuonyesha habari ya jana. Skrini inaweza.

Kwa hiyo sasa mtihani wangu ni wa mikono, nao una sehemu nne.

1. Mwanafunzi aonyeshe kwa kidole njia yote ya habari: chombo, batiri, antena, sanduku la kupokea, kompyuta. Aeleze pia kwa nini masanduku yanawekwa hapa na pale: mwamba unazuia mawimbi ya redio.

2. Apulizie chombo hewa ya kujaribia kutoka katika chupa yake. Namba ipande, kengele ilie, na namba ileile ifike juu. Chombo kisichojibu kisishuke shimoni.

3. Mwalimu aharibu kitu kimoja kwa siri: atoe batiri, afungue antena, ao azime sanduku. Tunahesabu dakika mpaka mwanafunzi atambue.

4. Aseme atawaambia watu nini. Jibu ni hili: habari ikikatika, hakuna kuingia, walio ndani watoke, waende mahali penye hewa safi. Mwenzako akianguka, usimkimbilie bila chombo cha kupumulia. Ita waokoaji. Mara nyingi mtu wa pili kufa ni yule aliyekimbia kusaidia.

Anayekosa sehemu ya nne hapiti, hata kama nyingine zote amezifanya vizuri. Simwadhibishi. Anafundishwa tena, anajaribu tena. Ni heri akosee mbele yangu kuliko mbele ya shimo.

Yule kijana alirudi, akapita. Siku hizi, kabla ya kusoma namba, anatazama saa kwanza. Nawe, ndugu kapita, nawe mfanyakazi, ukiambiwa «hewa ni nzuri», usione haya kuuliza: «Ya saa ngapi?» Swali hilo halimtukani mtu. Linakurudisha nyumbani kwa mama na watoto.