Wagonjwa wa Akili Watunzwe Karibu na Kwao

Zamani mtu wa Kisiwa cha Mombasa akipatwa na ugonjwa wa akili, jamaa zake walimpeleka kwanza kwa mganga. Asipopona, walimficha katika chumba cha ndani, au serikali ilimpeleka bara, kwenye hospitali ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya wenda wazimu, ikaitwa Mathari mwaka 1924. Safari hiyo kwa gari la moshi ni zaidi ya maili 300. Ni jamaa wachache walioweza kumfuata mgonjwa wao, na aliyeondoka Kuze au Kibokoni kwa njia hiyo aghalabu alikwenda peke yake.

Siku zile hapakuwa na dawa ya maana, ila kuta na kufuli. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1952, madaktari wa Paris walipotumia dawa ya klopromazini, wakaona wagonjwa waliokuwa wakipiga kelele mchana na usiku wanatulia na kuweza kuzungumza. Miaka miwili baadaye, huko Aro, Nigeria, Daktari Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa katika vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mmoja na jamaa yake wa kumpikia. Mgonjwa alitibiwa mchana na kulala kijijini. Nchini Kenya, baada ya uhuru, wadi za wagonjwa wa akili zilifunguliwa katika majimbo, na watu wa Pwani wakapata yao Port Reitz.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini Port Reitz iko ng’ambo ya Makupa, wala si kazi ya wadi kumfuata mtu nyumbani. Hapo ndipo shida ilipo. Mgonjwa hurudi Mji wa Kale ametulia, na pakiti ya vidonge mkononi. Baada ya majuma kadhaa ajiona mzima, naye aacha kumeza. Au vidonge vimekwisha, na mama yake hana nauli, wala hana wa kumwachia watoto wengine siku nzima. Akianza tena kutolala na kusema peke yake, nyumba nzima yasema pepo wamerudi. Kumbe kilichokwisha ni dawa! Mgonjwa kama huyo pengine angeweza kudungwa sindano moja kila mwezi katika zahanati ya mtaa, na muuguzi amjuaye kwa jina, asilazwe tena.

Mji wa Kale una kitu kisichoweza kununuliwa na hospitali yoyote, nacho ni mabaraza. Wazee waketio nje jioni hujua ni kijana gani ameacha kwenda msikitini, na nani alipita usiku wa manane bila viatu. Lakini vichochoro hivyo hivyo hupeleka habari upesi, na nyumba ikijulikana ina mwenda wazimu, mabinti zake huweza kukosa wachumba. Ndiyo sababu watu wema kabisa humfungia ndugu yao ndani. Yeyote apangaye matunzo ya mitaani bila kuifikiri aibu hiyo apanga bure. Yafaa mgonjwa wa akili aingie mlango ule ule wa zahanati aingiao mwenye homa.

Wala haifai kuwadharau wanaosoma dua na kuandika kombe. Jambo hilo huwapa jamaa moyo, na sindano haizuii dua. Kinachodhuru ni mnyororo, kumnyima mtu chakula, na kumwambia atupe vidonge vyake.

Sheria sasa yaelekea huko. Tangu mwaka 2013 matibabu mengi yamo mikononi mwa serikali za kaunti, na sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 yazitaka kaunti zitoe huduma hiyo katika vituo vyao. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Kwa ugonjwa wa akili hakuna kipimo cha kutia mkobani. Hapo mhudumu hutumia masikio yake, nayo yahitaji kufundishwa.

Kwamba jambo hili lawezekana, Mombasa yenyewe imekwisha kuonyesha. Mwezi wa Desemba 2014 Kenya ilianza kuwapa methadoni watumwa wa heroini huko Mathari, na baadaye dawa hiyo ikafika Kisauni. Mtu huja, hunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, kisha huenda kazini au kwao.

Jamaa wamchukuao mgonjwa kutoka wadini na waulize mambo matatu kabla ya kuondoka: jina la dawa, siku ya kurudi, na zahanati gani ya kisiwani inayo dawa hiyo. Wayaandike kwenye kadi, na kadi ikae kwa mtu mmoja nyumbani.