Roboti Rafiki: Inatengenezwa Namna Gani, na Sisi Inatuhusu Nini?



Katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kimilili, kijana mmoja alitoa simu akaonyesha roboti yenye uso na mikono ikiongea na mzee huko Japani. Watu walicheka mpaka machozi. Kukhu mmoja peke yake hakucheka. Watoto wake wote wako Nairobi, na jioni akishafungia kuku hana wa kuongea naye. Aliuliza tu, "Na hiyo ni pesa ngapi?"

Tutamjibu, lakini kwanza tuielewe mashine yenyewe. Roboti ina kompyuta ndani yake. Kamera ndiyo macho, maikrofoni ndiyo masikio, na mota ndogo ndogo ndizo zinazogeuza shingo na mikono. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza kama hiyo si sanamu. Hapana, mzee wetu. Ni chombo kama mashine ya posho, ila hiki kimepewa sura.

Tena si mambo ya ng'ambo pekee. Mwaka wa 2013 injinia Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha roboti za kuongoza magari mjini Kinshasa, zenye umbo la mtu na zinazotumia nguvu ya jua. Mei 2020, wakati wa korona, Rwanda ilipokea roboti 5 za kupima joto la watu na kuwapunguzia wauguzi hatari ya kuambukizwa. Zilipewa majina ya nyumbani: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Mwaka uliofuata Kenya nayo ikapata zake 3, zikaitwa Jasiri, Shujaa na Tumaini. Hizo zote ni za kazi. Lakini angalia, hata za kazi watu hawakutaka kuziita namba.

Roboti ya kukaa na mtu ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima mtu asiiogope. Mwaka wa 1970 profesa Masahiro Mori wa Japani aliandika kwamba kadiri roboti inavyofanana na mtu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapokaribia kabisa kuwa mtu na bado haijawa. Hapo ghafla inatisha, kama maiti iliyofungua macho. Kwa hiyo mafundi wengi hawajaribu kuigeuza mtu kamili. Roboti Pepper, iliyoonyeshwa Japani mwaka wa 2014, ilikuwa na kimo cha sentimita 121 tu, kama mtoto wa shule, hata mzee aliyekaa kitini aiangalie bila kuinua kichwa. Haikuwa na miguu, ilikwenda kwa magurudumu. Uso ulikuwa wa plastiki nyeupe wenye macho makubwa. (Wanunuzi hawakuwa wengi, na mwaka wa 2020 utengenezaji wake ulisimamishwa.)

Mjapani mwingine, Takanori Shibata, aliacha kabisa sura ya mtu. Alijaribu kwanza roboti paka, lakini watu wakailinganisha na paka wanaowajua wakaona imepungukiwa. Basi akatengeneza Paro, yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za barafu ambaye watu wachache sana wamewahi kumshika. Nani atasema sili wa kweli hafanyi hivyo? Ina manyoya na uzito wa mtoto mchanga, na ukiipapasa inatikisika na kulia kidogo. Haisemi neno hata moja. Katika nyumba za kutunzia wazee imewasaidia baadhi ya waliopoteza kumbukumbu kutulia, na hata kuanza kuongea na wenzao. Kwangu mimi huyo fundi aliwashinda wengine kwa busara.

Hizi zinazoongea ndizo za kuangalia vizuri. Mwaka wa 1966, Marekani, Joseph Weizenbaum alieleza programu yake ya kompyuta iitwayo ELIZA. Kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu yawe swali. Ukiiambia una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Haikuelewa kitu. Lakini katibu wa Weizenbaum, ambaye alimwona akiitengeneza, alipoanza kuongea nayo alimwomba bosi wake atoke chumbani! Mtu akidhani anasikilizwa, anafungua moyo. Na siku hizi programu zenye ujuzi kuliko ELIZA mara nyingi ziko ndani ya simu za vijana wetu.

Haya, sasa bei. Paro iliuzwa Marekani kwa karibu dola 6,000. Moxie, roboti ndogo ya kuwa rafiki wa watoto, iliuzwa dola 799, yaani zaidi ya shilingi 100,000. Pesa ya wazee ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kukhu angeweka zaidi ya miezi 50 bila kugusa hata ya chumvi. Na angenunua nini? Desemba 2024 kampuni ya Moxie ilitangaza kwamba imeishiwa pesa na inafunga. Kumbe akili ya Moxie haikuwa yote ndani ya Moxie, ilitegemea kompyuta za mbali kupitia intaneti. Wazazi walipewa barua ya kuwasaidia kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao atanyamaza. Baadaye ilipatikana njia ya kuziokoa baadhi, lakini ni kwa wanaojua ufundi wa kompyuta.

Kwa hiyo mfadhili akija Kitale au Bungoma na kitu kama hiki, au na programu ya simu ya kuongea na wazee (na sidhani ni mbali), muulizeni kabla ya kupiga makofi. Maneno ya mzee yanahifadhiwa wapi, na nani anayasikiliza? Mzee akizoea mashine ataiambia habari za hati ya shamba na ugomvi wa watoto wake. Stima ikipotea je? Kampuni ikifunga je? Na inajua Kibukusu? Pepper ilifundishwa lugha nyingi, lakini kukhu angeiambia "mulembe" angeangaliwa tu na yale macho makubwa.

Tulimweleza kukhu hayo yote, pamoja na bei. Akafikiri kidogo, akasema basi yeye anataka mtu wa kupita jioni, hata dakika kumi. Katibu alifungua lile lile daftari la michango, akaandika majina ya wazee 4 wanaokaa peke yao, na zamu za kuwatembelea. Mpaka tunaandika haya, Jumanne na Ijumaa bado hazijapata mtu.